Tiketi ya zawadi ikishinda, pesa ni za nani?

Sema leo unatimiza miaka 21. Mbogi imekununulia keki, imekumwagia maji kama ilivyo ada yetu siku hizi, na mmoja wao ambaye mwezi umemkalia vibaya anakukabidhi bahasha. Ndani mna tiketi ya bahati nasibu ya Sh100. Unacheka, unamkumbatia, unaitia mfukoni. Siku tatu baadaye tiketi ile inashinda Sh300,000.

Je, utampigia simu? Na ukimpigia, utasema "nimeshinda" au "tumeshinda"?

Silabi moja tu inatofautisha maneno hayo mawili, lakini ndiyo inayobeba kesi nzima. Ukisema "tumeshinda", umemkaribisha mezani na itabidi apakuliwe. Ukisema "nimeshinda", huenda akakupongeza kwa mdomo huku moyoni akipiga hesabu ya mahali angekuwa leo lau angebaki na tiketi yake.

Wengi wetu hatujawahi kulifikiria jambo hili kwa sababu hatutarajii kushinda. Ni kweli, nafasi ya kushinda ni finyu mno. Lakini tiketi za kupeana hazikosekani mitaani. Kuna kadi ya kukwaruza inayotiwa ndani ya kadi ya Krismasi. Kuna tiketi za bahati nasibu ya harambee ya kanisa au shule, ambazo mjomba hununua kitabu kizima na kuwagawia wapwa. Kuna kuponi za supamaketi. Kuna hata dau la Sh50 ambalo beshte anakutumia kwenye simu akikuambia "jaribu bahati". Na si lazima tiketi ishinde milioni ndipo watu wakosane. Mbuzi mmoja anatosha.

Tuanze na lililo wazi. Zawadi ikishatoka mkononi mwa mtoaji, imetoka. Rafiki akikununulia viatu, hawezi kuja Jumamosi kudai kiatu cha kushoto. Akikupa kuku na kuku akataga, mayai ni yako. Kwa mantiki hiyo, tiketi uliyopewa ni yako na kilichozaliwa na tiketi hiyo ni chako.

Mbona basi suala hili linavunja urafiki? Kwa sababu tiketi si viatu. Viatu vina bei inayojulikana siku vinapotolewa. Tiketi hutolewa ikiwa na thamani ya mia moja, kisha inageuka laki tatu ikiwa mfukoni mwa mtu mwingine. Aliyekupa anaona bahati yake ilipita mlangoni kwake ikaja kulala kwako. Wewe unaona bahati ilikutafuta kwa jina lako, na yeye alikuwa tarishi tu. Wote wawili mna haki ya kuhisi hivyo, na hapo ndipo adabu inapohitajika, maana hisia hazina risiti.

Kupewa, kutumwa, kuchanga

Kabla hujaamua umgawie nani, jiulize tiketi ilifikaje mkononi mwako. Watu huchanganya mambo matatu ambayo hayafanani hata kidogo.

Shangazi akikupa Sh200 na kukuambia "ukipita stendi ninunulie tiketi", hukupewa zawadi. Umetumwa. Tiketi ikishinda ni ya shangazi, hata kama ni wewe uliyechagua nambari, hata kama ilikaa kwenye pochi yako wiki nzima, hata kama ulinyeshewa na mvua ukiitafuta. Ukipewa asante, shukuru. Usipopewa, nyamaza.

Mkiwa watatu hosteli na kila mmoja akatoa Sh50, hiyo ni kuchanga, na hela zinagawanywa kulingana na kila mmoja alichotoa. Yule anayejigamba kwamba ndiye aliyeota nambari hana fungu la ziada isipokuwa mlipatana mapema. Na yule aliyesema "niwekee, nitakurudishia" lakini hakurudisha? Huyo ndiye huleta matata kuliko wote. Kama ulimkubalia na ukamwekea, yumo, na anachodaiwa ni hamsini yake tu. Kama ulimwambia "leta kwanza" na hakuleta, hayumo. Usingoje matokeo yatoke ndipo ukumbuke kwamba hakulipa.

Kupewa ni pale mtu anapotoa tiketi kwa moyo wake, bila kukutuma na bila wewe kuchanga. Hiyo ni yako.

Tatizo ni kwamba wengi hutoa tiketi ikiwa imefungwa kwa maneno. "Ukishinda usinisahau, wewe!" Kila mtu amewahi kusema hivyo au kuambiwa. Je, ni sharti au ni mzaha? Kwa kawaida ni mzaha, sawa na kumwambia anayesafiri akuletee ndege. Lakini sikiliza unavyojibu. Ukisema "haya, asante", umepokea zawadi. Ukisema "siwezi kukusahau bana, tutagawa nusu kwa nusu", umetoa neno lako, na neno hilo halifi kwa sababu tu pesa zimekuwa nyingi. Ungeligawa kama zingekuwa Sh1,000, sivyo?

Ndiyo maana nasema mazungumzo ya kugawana yana saa yake, nayo ni kabla ya kukwaruza, kabla ya droo, kabla hamjajua. Wakati huo kila mtu ni mkarimu kwa kuwa hakuna anachopoteza. Baada ya matokeo, kila neno lina bei.

Mhudumu wa mkahawa na dola milioni 10

Ukidhani haya ni porojo za vijiweni, kuna kisa cha Marekani ambacho kilizunguka mahakamani kwa miaka.

Katika mji mdogo wa Grand Bay, jimbo la Alabama, kulikuwa na mteja wa mkahawa wa Waffle House aliyekuwa na mazoea ya kuvuka hadi jimbo jirani la Florida kununua tiketi za bahati nasibu, kisha kuzigawa kwa marafiki na wafanyakazi wa mkahawa huo. Machi 1999 aliwapa wahudumu kadhaa, kila mmoja ya kwake. Tiketi ya mmoja wao, mwanamke, ikashinda takriban dola milioni 10.

Siku chache baadaye wenzake wanne walienda kortini. Walisema walikuwa wamepatana kwa mdomo kwamba yeyote kati yao atakayeshinda kwa tiketi za mteja huyo atagawana na wengine. Jopo la raia lililosikiliza kesi liliwaamini, na hakimu akaagiza pesa zigawanywe sawa kwa wote watano. Mshindi alikata rufaa. Mwaka wa 2000 Mahakama ya Juu ya Alabama ikabatilisha uamuzi huo. Soma sababu yake vizuri, maana wengi huikosea: haikusema kwamba mapatano hayakuwepo. Ilisema kwamba chini ya sheria ya jimbo hilo, mapatano yaliyojengwa juu ya kamari hayawezi kutekelezwa na mahakama.

Yaani unaweza kushinda kesi na bado jirani zako wote wakaamini ulivunja ahadi.

Haikuishia hapo. Yule mteja aliyetoa tiketi naye alishtaki, akidai kwamba aliahidiwa pikapu mpya endapo tiketi ingeshinda. Kesi yake haikufua dafu. Halafu watoza ushuru wakaja. Mshindi alikuwa ameunda kampuni pamoja na jamaa zake na kuwapa asilimia 51 ya hisa, akieleza kwamba familia yao ilikuwa na mapatano ya tangu zamani ya kugawana ushindi wowote. Mwaka wa 2012 mahakama ya ushuru ilisema mapatano hayo hayakuwa na nguvu ya kisheria, kwa hivyo alichowapa kilikuwa zawadi, na kwao zawadi kubwa hivyo hutozwa ushuru.

Tazama jinsi mambo yalivyojikunja. Tiketi moja ya kupewa, wenzake wanadai kulikuwa na mapatano, aliyeitoa anadai kulikuwa na ahadi, familia inasema kulikuwa na mazoea. Wote wanategemea maneno ya mdomo, na hakuna hata mmoja aliyeandika mstari mmoja kwenye karatasi.

Kuna kisa kingine kinachopendeza zaidi, cha mwaka wa 1984 katika jimbo la New York. Polisi mmoja aliyezoea kula katika mkahawa wa piza mjini Yonkers alimwambia mhudumu kwamba badala ya kumwachia bakshishi, wagawane tiketi yake ya bahati nasibu. Wakachagua nambari pamoja, kila mmoja nusu. Tiketi ilishinda dola milioni 6, na polisi yule alitimiza ahadi yake. Miaka kumi baadaye Hollywood ilitengeneza filamu iliyochochewa na kisa hicho, iitwayo It Could Happen to You, ingawa mapenzi yaliyomo ni ya watunzi. Polisi na mhudumu wa kweli hawakuoana.

Tofauti ya visa hivi viwili haikuwa ukubwa wa pesa. Yonkers waliongea wazi, watu wawili, kabla ya droo: tiketi hii, nusu yako, nusu yangu.

Korti zetu je?

Kwa walio vyuoni wakisomea sheria, jina Simpkins v Pays si geni. Ni kesi ya Uingereza ya mwaka wa 1955, na kwa kuwa sheria yetu ya mikataba imetoka huko, bado inafundishwa. Bibi mmoja, mjukuu wake na mpangaji aliyeishi nao walikuwa wakishiriki shindano la gazeti kila wiki. Walitumia jina la bibi, lakini kila mmoja alichangia utabiri wake, na gharama za stempu walizibeba bila hesabu kali. Siku moja wakashinda pauni 750. Bibi akakataa kumpa mpangaji chochote, akisema yale yalikuwa mambo ya nyumbani tu. Mahakama iliamua kwamba watatu hao walikusudia kugawana na mpangaji akapewa theluthi yake, pauni 250.

Sasa linganisha na tiketi ya zawadi. Mpangaji alishinda kwa sababu alichanga. Angekuwa amepewa tu au amempa bibi kuponi ya bure, hadithi ingekuwa nyingine. Kwa jumla, ahadi ya kumpa mtu kitu ambacho yeye hakutoa chochote kukipata ni ngumu kuisimamisha kortini. Kwa hivyo ukiwa mtoaji, usimtishie rafiki na wakili. Na ukiwa mshindi, usijifiche nyuma ya sheria kukwepa neno ulilolitoa mbele ya watu. Sheria inakuambia unachoweza kulazimishwa kufanya. Haikuambii utakavyokaa na watu mtaani baadaye.

Laini ni ya nani?

Kwetu Kenya mambo yamegeuka kidogo kwa sababu karatasi inapotea na simu inachukua nafasi yake. Beshte anakuwekea dau kwa laini yake na kukuambia "hii ni ya birthday yako". Ikishinda, pesa zinaingia kwa laini iliyosajiliwa, kwa jina lake na kitambulisho chake. Kampuni haijui lolote kuhusu birthday yako. Kwa mdomo tiketi ni yako. Kwa mashine ni yake.

Kwa hivyo ukitaka kumpa mtu zawadi ya aina hii, mpe hasa. Mtumie hela acheze mwenyewe kwa laini yake, au umkabidhi karatasi yenyewe. Zawadi inayobaki mkononi mwa mtoaji haijawa zawadi bado, na hapo ndipo "nilikuwa natania" hupata nafasi ya kuingia.

Kuna na jambo la viwango. M-Pesa hairuhusu kutuma zaidi ya Sh250,000 kwa mara moja, wala akaunti kushikilia zaidi ya Sh500,000. Ushindi mkubwa utapitia benki, ambako majina na vitambulisho huangaliwa. Ukiwa umeshinda kupitia laini ya mtu mwingine, pesa zitapita kwanza kwake, na utakuwa unategemea roho yake tu. Ukitaka kujua rafiki yako ni mtu wa aina gani kuna njia za bei nafuu kuliko hiyo.

Na usisahau ushuru. Viwango na jinsi ya kukata vimebadilishwa mara kadhaa, kwa hivyo usimwahidi mtu nusu ya kile kilichotangazwa redioni. Gawa kile kilichokufikia. Ukisema "nusu ya milioni" halafu ikaja pungufu, atadhani umemdokolea.

Wenye ujuzi wa kugawana tiketi ni Wahispania. Kila Desemba 22 wao huwa na droo kubwa ya Krismasi, ambayo ilianza mwaka wa 1812, na watoto wa shule ya San Ildefonso huimba nambari zinazoshinda. Kipande kimoja cha tiketi huuzwa euro 20, na wengi hawapendi kukimiliki peke yao. Ofisi nzima hununua nambari moja, familia hugawana, mabinamu hupeana. Mwaka wa 2011 kijiji kidogo cha Sodeto, chenye takriban nyumba 70, karibu chote kilishinda kwa sababu chama cha akina mama kilikuwa kimepita nyumba kwa nyumba kikiuza sehemu za nambari moja. Waliokuwa na kipande kidogo kabisa walipata euro 100,000. Kulikuwa na mwanamume mmoja ambaye hawakumbishia hodi.

Uzoefu huo umewafundisha adabu rahisi ambayo tunaweza kuiga kesho. Mkigawana tiketi, anayeishika huipiga picha, huandika nambari yake na majina ya wanaogawana, kila mmoja na sehemu yake, kisha hutuma kwa wote kabla ya droo. Basi. Hakuna wakili. Hata watoza ushuru wa huko hutaka kujua wote waliogawana wakati wa kuchukua hela, la sivyo aliyezichukua ataonekana anawapa wenzake zawadi. Sisi ambao hatuwezi kununua nyama choma bila kuunda kundi la WhatsApp tunashindwa na nini?

Asante ya kiasi gani?

Turudi kwa yule beshte wa bahasha. Hakukuomba kitu, hukumwahidi kitu. Je, umpe?

Nionavyo mimi, mpe. Sababu si haki yake. Ni kwamba kushinda kwa mkono wa mtu na kumwacha asikie habari kwa watu wengine ni ubahili ambao hautasahaulika. Lakini mpe kama asante na ukiite asante. Usikiite "sehemu yako". Ukishaita sehemu, ataanza kuuliza kwa nini ni ndogo.

Watu hupenda kuuliza asilimia. Ni kumi? Ni ishirini? Ni nusu? Hakuna kanuni, na siiamini asilimia katika jambo hili kwa sababu inamgeuza rafiki kuwa dalali. Tazama ukubwa wa ushindi na hali ya mtu. Tiketi ikishinda Sh500, mnunulie chips kuku mle pamoja, na hadithi imekwisha. Ikishinda Sh10,000, mrudishie gharama yake mara kadhaa au mtoke siku moja kwa hesabu yako. Ikishinda Sh300,000, fikiria kitu kitakachomgusa: kodi ya nyumba aliyorudi nyuma, karo ya muhula, mashine ya kinyozi ambayo amekuwa akiitamani tangu mwaka jana. Kitu kimoja chenye uzito humfanya akumbuke umemjali. Noti ndogo ndogo za kila wiki zitamfanya akuone kama mashine ya kutoa pesa, na wewe utamwona kama mzigo.

Mwambie mwenyewe, tena mapema. Usimwache akuone na simu mpya kwanza. Ila usitaje kiasi utakachompa siku hiyo hiyo ya furaha. Siku ya ushindi mtu huahidi kujengea kijiji kizima. Sema tu "zimeingia, nitakutafuta", ulale siku mbili tatu, halafu umtafute kweli.

Ukishampa, toa mara moja na uwe wazi kwamba umemaliza. Akirudi mwezi ujao na shida nyingine, msaidie kama unavyomsaidia rafiki yeyote mwenye shida. Habari ya tiketi isiingie tena hapo.

Mambo huwa magumu zaidi tiketi ikitoka kwa mzazi. Mama akikununulia tiketi ya harambee ya kanisa na ukashinda, sahau mahesabu ya nani alinunua. Unaishi kwake, unakula kwake. Hela kama hizo hutolewa mezani na kujadiliwa. Akikuambia "kaa nazo mwanangu", kaa nazo. Wengi husema hivyo. Lakini mpe nafasi ya kusema.

Na wapenzi? Hapa nitasema kwa ufupi: aliyepewa na mpenzi wake, wakagawana, kisha wakaachana, hakuna wa kurudishia mwingine kitu. Kama uliogopa hayo, ungempa maua.

Sasa twende kwa mbuzi. Bahati nasibu nyingi za harambee hazitoi pesa. Hutoa mbuzi, mtungi wa gesi, blenda, baiskeli, mara moja moja pikipiki. Mjomba amenunua tiketi kumi, amewagawia wapwa kumi, na tiketi ya mdogo wenu imetoa pikipiki. Mjomba ana miaka 50 na hana gari. Wapwa tisa wanaangalia. Utagawaje pikipiki?

Hapa nimesikia hoja za kila aina. Wapo wanaosema iuzwe na hela zigawanywe kumi, kwa kuwa mjomba angeweza kumpa yeyote tiketi ile. Siafiki. Mjomba hakuwapa tiketi kumi pamoja. Alimpa kila mtu yake, na kila mtu alikuwa tayari kula ushindi wake peke yake. Wapwa tisa hawana chao. Mjomba naye hana dai. Lakini mpwa mwenye busara atampa mjomba ufunguo wa kwanza, amzungushe kijijini, na siku mjomba akitaka kupelekwa sokoni asiulizwe nauli. Kama ni mbuzi, rahisi zaidi: achinjwe, na mjomba apewe kipande anachostahili mkubwa kwa desturi ya kwao. Mbuzi akifichwa azae kwanza, hapo mtakuwa mmeanzisha kesi ya wajukuu wa mbuzi.

Nawe uliyetoa

Mtoaji pia ana adabu zake, na mara nyingi yeye ndiye anayeharibu. Ukishatoa tiketi, usiulize kila siku kama ameiangalia. Ikishinda, mpongeze na unyamaze. Usigeuke tangazo kwenye kila harusi na matanga: "Huyu mnayemwona, ni mimi nilimwomosha." Akikupa kitu, pokea bila kukipima mbele yake. Asipokupa, una ruhusa ya kuumia, lakini huna ruhusa ya kudai. Kama unajua fika kwamba utaumia, usimpe mtu tiketi. Mwambie mchange, nusu kwa nusu, iandikwe.

Na chagua unayempa. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari kisheria, kwa hivyo kadi ya kukwaruza si zawadi ya mtoto wa kidato cha pili, hata kama anaona ni mchezo. Nchini Marekani, kila msimu wa Krismasi, baraza la kitaifa la kupambana na uraibu wa kamari hushirikiana na mashirika ya bahati nasibu yenyewe kuwakumbusha watu wasiwape watoto tiketi. Rafiki Mwislamu naye anaweza kukataa kwa upole kwa sababu dini yake inaharamisha kamari, na hata ikishinda hawezi kuila. Yapo pia makanisa yanayokataza. Usimlazimishe kwa "ni zawadi tu". Umemuweka mahali ambapo akikataa ataonekana hana shukrani na akikubali atakuwa amevunja imani yake.

Zaidi ya wote, mwogopee yule anayejaribu kuacha. Sote tunamfahamu mmoja: aliyecheza karo ya chuo, aliyeuza simu, ambaye sasa ana miezi michache hajagusa. Kwake tiketi ya Sh100 si zawadi hata ikishinda. Hasa ikishinda. Mtumie kredo, mnunulie soksi, mpe mia yenyewe mkononi anywe chai.

Na kwa kuwa tiketi nyingi hazishindi kitu, tuseme na hilo. Umepewa, umekwaruza, umeambulia vumbi la kijivu kwenye kucha. Usimwambie aliyekupa kwamba mkono wake una mkosi. Mwambie asante, tiketi imekula kwetu. Hapo, kwa kuwa hakuna cha kugawa, hiyo "kwetu" unaweza kuitumia bila wasiwasi.